Kikao Kilichobaki Wazi

Elfu themanini na tano za Bi Sikudhani
zilitoka kwenye akaunti yake saa mbili na dakika sita usiku
na hazikufika popote.

Umeme ulikatika Buguruni nzima,
jenereta ikachelewa kukohoa,
na seva yetu, maskini, ilikuwa imeshaandika "toa",
haijaandika "ingiza".
Asubuhi mama wa watu kasimama dirishani pa Saccos,
simu mkononi, unga wa ngano bado umo kwenye kucha:
"Mwanangu, pesa haiwezi kuwa hewani.
Hewani kuna kunguru tu."

Meneja Mwakipesile akatoa noti kwenye droo, akamhesabia.
Kisha akanigeukia: Zamoyoni, hili ni lako.

Ni langu. Nimelifungua faili.
Niliandika mwaka juzi, nikiwahi kikao cha harusi ya binamu:
kila kitu kinajifungulia kikao chake,
kinajihifadhi chenyewe, kinaondoka bila kuaga.
Akaunti inayotoa haijui kama ipo inayopokea.
Wapangaji wa nyumba moja ya Tandika,
kila mmoja na mita yake,
choo tu ndicho cha pamoja.

Kikao cha harusi nacho nakikumbuka.
Sinza, uani nyuma ya baa,
mhazini wetu Tegemea na daftari la kurasa themanini.
Ukisimama ukaahidi laki mbili, watu wakapiga makofi,
yeye anaandika kwa penseli.
Shemeji anatoa kreti kumi za soda, kwa mdomo.
Penseli.
"Wino," alisema, "ni siku ukumbi, mpishi na gari la maharusi
vyote vimetimia. Kikipungua kimoja nafuta ukurasa,
kila mtu na chake, tusidaiane."
Kompyuta hakusomea. Anauza vitenge.

Usiku huu naandika kama Tegemea.
Nafungua kikao kimoja. Naanza muamala.
Anayetoa na anayepokea nawakalisha mkeka mmoja:
huyu penseli, yule penseli, tozo nayo penseli,
halafu mstari mmoja tu wa wino,
thibitisha.
Chini yake, kwa siku ya giza:
rudisha yote yalivyokuwa,
kana kwamba hakuna aliyewahi kunyoosha mkono.
Na chini kabisa, iwe heri iwe shari,
funga.

Najaribu. Nachomoa waya katikati, makusudi.
Nachomeka. Naisoma akaunti ya majaribio,
nimeipa jina la Bi Sikudhani:
shilingi zote zipo.
Nachomoa tena. Zipo.
Mara ya tisa nachomoa kwa raha zangu tu.

Kisha napita faili kwa faili nikitafuta vilivyosahauliwa,
maana kikao kisichofungwa hakipigi kelele.
Kinakaa. Kinashika nafasi.
Kinakula kumbukumbu kidogo kidogo
mpaka siku mashine yote inasimama
na hujui imekufa kwa nini.

Saa saba usiku mama anabipu kutoka Keko.
Nampigia.
Nimrushie salio la elfu moja,
si kwenye namba yake, kwenye ile ya baba,
wasije wakaifunga laini.
Mwaka wa sita huu tangu tumzike.
Hakuna anayeipiga namba hiyo ila yeye,
usingizi ukigoma:
inaita ndani ya kabati, katikati ya mashuka,
anaisikiliza,
halafu anakata.

Naujua mstari unaotakiwa hapo.
Leo peke yake nimeuandika mara kumi na nne.

Natuma elfu moja.
Ujumbe unarudi haraka, kwa adabu zake zote:
muamala wako umekamilika.